Kabla Hujalibandika Ua, Liulize Jina

 Kama uko jikoni endelea na kazi yako, ila unitegee sikio. Na kama una chupa tupu ya kioo hapo karibu, ya asali iliyokwisha au ya jemu, usiitupe kwanza. Leo nazungumzia namna ya kuipamba chupa hiyo kwa maua ya bustanini yaliyokaushwa kwa kukandamizwa. Ninalo jambo moja ninalotaka ulishike mpaka mwisho, nalo ni hili: kabla hujalibandika ua kwenye chupa, lijue jina lake, na jina hilo uliandike.

Wapo watakaosema, mapambo ni mapambo tu, jina la nini? Chupa ikipendeza mezani yatosha. Mimi sikubali, na nitaeleza kwa nini. Kukandamiza maua ni kazi ileile inayofanywa na wataalamu wa mimea duniani kote, kwa karatasi zilezile na mbao zilezile. Wao wanaandika, sisi hatuandiki. Tofauti ni hiyo tu. Ukiandika, chupa yako itapamba nyumba na itafundisha watoto. Usipoandika, mwaka kesho hakuna atakayekumbuka ua lile liliitwaje, lilichumwa wapi, wala ni nani aliyelipanda.

Tuanze na chupa yenyewe. Chupa ya soda na chupa ya bia ziache. Hizo ni za kurudisha, na mwenye duka anazingoja ajaze kreti yake. Za kupamba ni zile zinazobaki nyumbani bila kazi: chupa ya asali, ya jemu, ya siki, ya sharubati, ile ya kahawia ya dawa ya kikohozi, na kichupa cha marashi kilichokauka. Kioo hakiozi. Ukikifukia shambani leo, kitamkata mguu mjukuu atakayelima pale. Kiwandani kioo kinaweza kuyeyushwa na kufanywa chupa mpya tena na tena bila kupungua ubora. Lakini mahali pasipo na mnunuzi wa chupa chakavu, njia iliyo karibu ni kukitafutia kazi nyingine humohumo nyumbani.

Na kioo hakiko mbali nasi kama tunavyodhani. Kinatengenezwa kwa mchanga, chokaa na magadi. Mchanga peke yake unataka joto la nyuzi kama 1,700 za Selsiasi ndipo uyeyuke. Ukichanganywa na magadi, joto linalohitajika linapungua sana, na chokaa inakipa kioo uimara kisiyeyushwe na maji. Kwa zaidi ya miaka mia moja, magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, yamekuwa yakisafirishwa kwenda viwandani, na viwanda vya kioo ni miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Kwa hiyo kile anachotia mama katika maharage makavu ili yaive upesi ndicho kilichosaidia kuizaa chupa iliyo mbele yako.

Magadi hayohayo yatakusaidia kuisafisha. Iloweke chupa usiku kucha katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni na magadi kidogo. Asubuhi karatasi ya lebo itabanduka kwa kidole. Gundi yake ikikaidi, ipake mafuta ya kupikia, iache kwa muda, kisha isugue kwa kitambaa chenye jivu laini. Kwa ndani, tia punje za mchele na maji kidogo, tikisa mpaka uchafu ulioganda pembeni utoke. Suuza, igeuze kichwa chini, ikauke kabisa. Mwisho ipanguse nje kwa spiriti au siki, na baada ya hapo ishike shingoni. Alama ya kidole chenye mafuta yatosha kuifanya gundi isishike.

Sasa twende bustanini. Ninaposema bustani sina maana ya ile ya hoteli yenye mtunzaji na mpira wa kumwagilia. Debe la maua barazani ni bustani. Bogenvilia iliyotambaa juu ya uzio ni bustani. Mche wa waridi uliopandwa na watoto mbele ya darasa ni bustani.

Wakati mzuri wa kuchuma ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, umande umekwisha kukauka na jua halijawa kali. Ua lenye maji juu yake litaota ukungu kabla ya kukauka. Chuma lililofunguka siku hiyo. Lililozeeka litapukutika mikononi mwako. Na chuma zaidi kidogo ya unayohitaji, kwa sababu mengine yatavunjika.

Kila ua lina tabia yake, na hapa ndipo mtu anapoanza kuyajua maua yake kweli. Yanayokauka vizuri ni yale membamba yenye maji machache. Bogenvilia inaongoza: ni nyembamba kama karatasi tangu ikiwa mtini, na karibu haina unyevu wa kukusumbua. Kosmosi nayo ni nzuri, yale maua ya waridi, meupe na ya zambarau yanayojaa kando ya barabara za nyanda za juu baada ya mvua. Vinka ni nzuri, na vijiua vya lantana, kimoja kimoja. Ua la mkrismasi lichambue, ukaushe petali mojamoja. Waridi zima halifai, kwa kuwa lina matabaka mengi na katikati litaoza, nalo lichambue. Haibiskasi ina utelezi unaoshika karatasi, basi ibadilishie karatasi mapema. Na wewe msikilizaji wa pwani unayependa asumini, asumini ni ya kuvaliwa na kunukiwa. Likikandamizwa, ua lile jeupe hugeuka kahawia, na harufu yake haibaki. Liache likae kwenye kikuba na kwenye koja, pamoja na kilua na mlangilangi, mahali linapopendwa na linapojulikana.

Usiyasahau majani. Jani la kangaga, jani la karoti, la shamari, la kotmiri, hukauka yakabaki na umbo lake lote mpaka kwenye ncha. Chupa yenye maua matupu huonekana kama imejazwa. Majani ndiyo yanayoyapa maua mahali pa kusimama.

Huenda unajiuliza kwa nini ua moja libaki na rangi na jingine ligeuke. Rangi ya manjano na ya chungwa kwa kawaida hutokana na karotini, na hiyo ni rangi ngumu, huvumilia kukauka. Nyekundu, zambarau na buluu nyingi hutokana na antosiani, ambayo hubadilika kwa uchachu ulio ndani ya ua na kwa mwanga wa jua. Ndiyo sababu ua jekundu hukolea likawa kama damu ya mzee, na la buluu hupauka. Jeupe hugeuka kwa sababu chembe zake zinapopasuka, hewa inakutana na kemikali zilizokuwa zimetengwa, kama inavyotokea kwa ndizi mbichi iliyomenywa ikaachwa. Ukilielewa hilo umepata kanuni nzima ya kazi hii: ua likaushwe upesi, na likikauka liepushwe na jua.

Basi tukandamize. Tandaza gazeti, na juu yake karatasi nyeupe isiyo na maandishi au tishu, kwa kuwa wino wa gazeti unaweza kuhamia kwenye petali. Panga maua yasigusane. Funika kwa karatasi nyeupe, kisha gazeti, kisha kipande cha kadibodi. Unaweza kupanga matabaka matano, sita. Chini na juu weka vipande vya plaiwudi, uvifunge kwa kamba au kwa mpira wa ndani wa baiskeli, ukaze sawasawa pande zote. Asiye na plaiwudi atumie vitabu vizito au tofali lililofungwa kitambaa. Kesho yake fungua, toa karatasi zenye unyevu, weka kavu. Fanya hivyo kila siku kwa siku nne au tano za mwanzo, kisha uyaache maua yatulie. Membamba yatakuwa tayari baada ya wiki moja, mazito baada ya wiki mbili au tatu. Utayajua kwa kuyagusa: yaliyokauka hayana ubaridi wa unyevu, na petali haikunjiki kwa uzito wake mwenyewe.

Kwa aliyeko Tanga, Mombasa, Unguja au Pemba, hewa ya bahari ina unyevu mwingi, na wakati wa masika ua linaweza kuota ukungu kwa siku mbili. Huko badilisha karatasi asubuhi na jioni, na uweke mbao zako mahali penye ujoto mkavu, jikoni mbali na mvuke wa sufuria. Karatasi ulizotoa zianike juani, zitumike tena. Mwenye haraka anaweza kutumia pasi: ua liwe kati ya karatasi mbili safi, pasi iwe ya uvuguvugu na isiwe na mvuke, ikandamize kidogo, uinue, ungoje ipoe, urudie. Pasi ya mkaa ijaribu kwanza juu ya karatasi tupu. Karatasi ikibadilika rangi, pasi imezidi moto.

Na unapofunga zile mbao kwa mara ya kwanza, shika penseli. Pembeni mwa kila ua andika jina, mahali ulipolichuma na tarehe. Fanya hivyo siku hiyohiyo. Maua yakikauka hufanana, na kumbukumbu husahau upesi kuliko tunavyokubali.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Sikiliza habari hii. Karne ya 16, huko Italia, palikuwa na daktari mmoja mwalimu wa mimea, Luca Ghini, ambaye alianzisha bustani ya mimea ya chuo kikuu cha Pisa karibu mwaka 1544. Wanafunzi wa udaktari wa wakati ule walilazimika kuijua mimea, kwa sababu dawa nyingi zilitoka humo. Lakini wakati wa baridi bustani ilikufa, na michoro ya vitabuni ilipotosha. Ghini anatajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kufundisha njia ya kuikandamiza mimea, kuibandika kwenye karatasi na kuijalidi kama kitabu, ili mwanafunzi auone mmea wenyewe katika majira yoyote. Wanafunzi wake waliieneza njia hiyo Ulaya, na mpaka leo haijabadilika sana.

Ilifika kwetu pia. Mwaka 1902 Wajerumani walijenga kituo cha utafiti Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza. Mimea ilichumwa, ikakandamizwa, ikaandikwa, ikahifadhiwa pale. Mwaka 1950 hifadhi hiyo ilihamishiwa Nairobi, na ndiyo hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki iliyopo katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Humo yamo mamia ya maelfu ya karatasi. Kila karatasi ina mmea mkavu na kibandiko kidogo cha maandishi: jina, mahali, tarehe, na aliyechuma.

Mimea mingine ya Tanganyika ilipelekwa Berlin. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, mabomu ya vita yaliiteketeza sehemu kubwa ya hifadhi ya mimea ya Berlin, na kazi ya miaka mingi ya wachumaji wa Afrika Mashariki ikawa majivu. Kilichookoka ni kile kilichokuwa na nakala kwingine, zikiwemo zile zilizobaki Amani. Mchumaji makini huchuma mmea mmoja mara mbili au tatu, akaweka nakala sehemu mbalimbali. Nitalirudia jambo hilo, maana linatuhusu sisi wenye chupa.

Kutokana na karatasi za namna hiyo, wataalamu waliweza kuandika vitabu vya kueleza mimea ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1952, na ya mwisho mwaka 2012. Miaka sitini. Aina za mimea zilizoelezwa ni 12,104. Nyuma ya kila aina yuko mtu aliyeinama, akachuma, akakandamiza ndani ya gazeti, akaandika. Na mtaalamu akipewa mmea mkavu usio na maandishi, hata uwe mzuri namna gani, hana la kufanya nao.

Wala usidhani hii ni kazi ya wataalamu peke yao. Mshairi wa Marekani Emily Dickinson, aliyezaliwa mwaka 1830, alikuwa bado msichana wa shule katika mji wa Amherst alipoanza kukusanya maua ya bustanini na ya mashambani. Aliyakandamiza, akayapanga kwa ustadi ndani ya kitabu, mengi akayaandikia majina ya Kilatini kwa mkono wake. Kitabu hicho chenye mimea 424 kimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Harvard. Dickinson aliyapanga kwa urembo na akayaandika kwa usahihi, na hakuna kimoja kilichomzuia kufanya kingine. Ndivyo ninavyotaka tufanye na chupa zetu.

Tazama jina linavyofungua mambo. Bogenvilia tumeiona tangu utotoni, tukaidhania ya hapa. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1767, msafara wa meli za Kifaransa ulioongozwa na Louis-Antoine de Bougainville ulitia nanga Rio de Janeiro, na mtaalamu wa mimea wa msafara huo, Philibert Commerson, akauchuma mmea huu na kuukandamiza. Msaidizi wake alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyejivika nguo za kiume ili aruhusiwe melini, na ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Kiongozi wa safari ndiye aliyepewa heshima ya mmea kuitwa kwa jina lake. Na ukiichunguza bogenvilia kabla ya kuikandamiza utaona kwamba yale majani mekundu au ya zambarau tunayoyaita maua ni majani tu. Ua lenyewe ni kale keupe kadogo ka katikati, kama kijibomba.

Chukua vinka, lile ua la petali tano, jeupe au la waridi, linaloota hata kwenye nyufa za saruji. Asili yake ni Madagaska, jirani zetu ng'ambo ya bahari. Katika miaka ya 1950 na 1960 watafiti waligundua kwamba mmea huo una kemikali zinazopambana na saratani, na dawa mbili zitokanazo nao, vinblastini na vinkristini, zinatumika hospitalini mpaka leo, hata kwa watoto wenye saratani ya damu. Dawa hizo ni za daktari na vipimo vyake, kwa hiyo usichemshe majani nyumbani. Lakini mtoto anayelibandika ua hilo kwenye chupa ya mama yake anastahili kuambiwa amebandika nini.

Na jina ni usalama pia. Mnanaha una ua kubwa kama tarumbeta linalovutia macho, na mmea huo ni sumu. Olianda, inayopandwa kando ya nyumba kwa uzuri wake, ni sumu kila sehemu yake, tangu jani mpaka ua. Maua hayo usiyaweke kwenye chupa itakayokaa jikoni au mikononi mwa mtoto. Asiyejua jina atajuaje la kuepuka?

Jina lenyewe utalipata wapi? Anza na waliokutangulia. Muulize bibi, muulize babu, muulize jirani aliyekulia kijijini. Katika Kisambaa, Kidigo, Kikamba, Kichaga na lugha zetu zote yapo majina ya mimea yanayokwenda pamoja na maarifa: huu ni wa kuosha mtoto, huu hupandwa mpakani, huu mbuzi hali. Maarifa hayo yamo midomoni mwa wazee, na wazee wanatuaga kila siku. Andika jina kama walivyolitamka. Ukiweza kulipata na lile la kitaalamu, kwa mwalimu wa biolojia au kwa muuza miche, liandike chini yake. Yote mawili yana kazi.

Turudi mezani, maua yamekauka. Chukua gundi nyeupe ya mbao, sehemu mbili za gundi kwa moja ya maji, ukoroge. Usiipake chupa nzima. Paka mahali pa ua moja tu. Linyanyue ua kwa kibano au kwa ncha ya brashi iliyolowana, maana kidole kitalivunja. Lilaze, ulilainishe kwa brashi kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke. Kisha juu yake weka kipande cha tishu nyembamba ya tabaka moja, upake tena gundi. Itaonekana nyeupe kama maziwa, usiogope. Ikikauka inakuwa angavu, na tishu itapotea machoni. Iache mpaka kesho. Siku ya pili paka vanishi inayochanganywa na maji, nyembamba, mara mbili au tatu, kila mara ikauke kwanza. Vanishi ya mafuta huwa manjano kadiri inavyozeeka. Mdomo wa chupa, upana wa vidole viwili, usipakwe kitu.

Katika kupanga, uwe na subira. Lipange ua kama lilivyoota: kikonyo chini, uso juu, jani upande lilipokuwa. Acha nafasi tupu kati ya ua na ua, mwanga upite. Uzuri wa kioo ni mwanga, na kama utakifunika chote, heri utumie kopo. Halafu geuza chupa, na kwenye kitako bandika kijikaratasi chenye majina uliyoandika kwa penseli, ukipake vanishi nacho.

Chupa hiyo ni ya kuwekea sukari, maharage, karafuu, vifungo, au kusimama tu na kupendeza. Isiloweshwe majini; ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Isikae dirishani penye jua. Na mshumaa usiwekwe ndani yake wala karibu yake, kwa kuwa maua makavu na karatasi hushika moto.

Ipo historia moja ya kutufunza hapa. Katika miaka ya 1850, huko Ufaransa, Uingereza na Marekani, ilizuka hamu kubwa ya kupamba vyombo vya kioo. Watu walikata picha za karatasi, wakazibandika ndani ya chombo, kisha wakapaka rangi nyuma yake, ili kioo kionekane kama kauri ya China au ya Japani. Walitaka chombo cha nyumbani kifanane na cha mbali. Nasi pwani tulikuwa na zidaka, zile nafasi nzuri zilizochongwa ukutani katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, na ndani yake palipangwa sahani za kauri na vyombo vya kioo vilivyovuka bahari kwa majahazi. Palikuwa pahali pa heshima. Sina ugomvi na vitu vya mbali, vilikuja kwa jasho na biashara ya watu wetu. Lakini ua lililoota kwenye debe la barazani kwako nalo linastahili heshima hiyo, na likiwa na jina lake litapata.

Neno la onyo. Nasema maua ya bustani, na ninamaanisha bustani. Msituni usichume. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake huko Ujerumani ua dogo la zambarau kutoka maeneo yale ya Usambara. Mwaka uliofuata likapewa jina la kitaalamu kwa heshima ya ukoo huo, Saintpaulia, na leo vizazi vyake vinakaa katika vyungu kwenye madirisha ya nyumba zisizohesabika duniani. Lakini ndugu zake wa porini wamebaki katika vipande vya msitu vinavyopungua, kwenye miamba yenye kivuli, na baadhi yao wako hatarini kutoweka. Mmea ambao duniani kote una kwao mahali pamoja tu, na kwao ndiko kwetu, ukiung'oa kwa ajili ya chupa umeiba kitu ambacho huwezi kukirudisha. Ukiukuta, utazame, uliza jina lake, uuache.

Sasa lile nililoahidi kulirudia, habari ya nakala. Chupa yako haitadumu milele. Mwanga utaipausha, na siku moja mtoto ataiangusha. Kwa hiyo unapochuma, chuma maua mawili ya aina moja. La kwanza libandike kwenye chupa. La pili libandike katika daftari la shule, ukurasa mmoja ua moja, na pembeni andika jina kama bibi alivyolitaja, mahali, tarehe, na jina la aliyekuambia. Daftari lifungwe, likae mahali pakavu. Wewe mwalimu unayenisikiliza, darasa lako likifanya hivi kwa muhula mmoja litakuwa na kitabu cha mimea ya kijiji chenu kilichoandikwa na watoto wa kijiji hicho, na huenda hakuna kingine kama hicho popote.

Mvua zikikatika wiki hii, anza na chupa moja. Na kabla ya kwenda bustanini, pitia kwa yule mzee wa nyumbani kwenu, ukae naye, umuulize maua yaliyo mlangoni pake yanaitwaje.